Maelezo ya Fundi Bomba Kuhusu Tangi la Maji Taka la Nahodha

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Anajulikana gatini kwa jina la Kiriba
Umri: Miaka 51
Kazi: Fundi bomba
Makazi: Chumba cha juu ya duka la vifaa vya umeme, mtaa wa stesheni. Anaishi peke yake.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa niseme kweli, na nitaisema, ingawa kuna mahali ningependa kuruka.

Mnamo tarehe 4 mwezi wa pili, saa tatu asubuhi, niliitwa kwenye boti la tanga la mzee tunayemwita Nahodha. Boti ni kuukuu. Injini yake ilikufa, baadaye mkewe naye akafariki, na mzee anaishi humo peke yake. Alilalamikia harufu. Tangi la maji taka liko mbele, chini ya kitanda. Kulifikia lazima ulale kifudifudi, uingize kichwa, mabega, kisha kitambi kikikubali. Changu hakikukubali. Nahodha alinivuta miguu huku akicheka mpaka akakohoa. "Fundi, ukikwama humo nitakulisha kwa mrija."

Afande anayeniandikia ameniambia nieleze tangi, si kitambi.

Tangi lilikuwa la alumini, limeliwa pembeni. Boti lilijengwa tangi likiwa tayari ndani, kwa hiyo halikupita mlangoni. Nililikata vipande, nikaweka jipya la plastiki. Njia ya kumwaga baharini niliiziba kwa kizibo cha chuma, nacho kipo mpaka leo. Tangi hunyonywa na gari la maji taka. Mpira unaoingia kwenye tangi niliukaza kwa klampu, pete ya chuma yenye skrubu. Nina tabia moja: nikishakaza skrubu, huchora mstari wa rangi nyekundu kutoka kichwani mwake hadi kwenye klampu. Ikifunguliwa, vipande viwili vya mstari havitazamani tena.

Baada ya wiki mbili Nahodha alipiga simu. "Fundi, kazi yako inalia huku."

Nilikuta matone kwenye klampu, na chini yake beseni. Nusu ya mstari huku, nusu kule. Boti limefungwa gatini na injini ni mzoga, hakuna cha kuitikisa skrubu. Ilifunguliwa kwa bisibisi. Nilikaza, nikachora upya. Nilipotoka, chai ilikuwa mezani, vikombe viwili, changu kimeshatiwa sukari. Tulikaa hadi alasiri. Alinisimulia kwamba nahodha hasa alikuwa mkewe. Yeye kazi yake ilikuwa kutapika.

Simu zikaja tena na tena. Sikumtoza. Afande ameuliza kwa nini nilikwenda hali najua. Hata kwangu Jumapili ni ndefu, afande.

Mnamo tarehe 11 mwezi wa nne, saa nne asubuhi, nikiwa chini ya kitanda, meneja wa gati alipanda botini bila hodi. Akaliona beseni.

"Linavuja tena! Mzee, unatuchafulia bahari. Mwisho wa mwezi uondoke."

"Mwanangu, nitalipeleka wapi? Halitembei hili."

"Hilo utawaeleza polisi."

Nilijaribu kutoka haraka nimjibu. Mtu anayetanguliza makalio hasikilizwi na meneja.

Linalohusu shauri hili la meneja dhidi ya mzee ni kwamba maji ya kwenye beseni yalikuwa safi. Niliyanusa, nikatia vidole. Yalinukia sabuni, kama ya mara zote zilizotangulia. Tangi lilikuwa limenyonywa, likasuuzwa, likajazwa maji ya bomba. Mbao chini ya beseni zilikuwa kavu kabisa, maana yake beseni lilitangulia, bisibisi ikafuata. Mzee alikuwa akiliosha tangi ili nisichafuke, ndipo analegeza klampu ili nije. Hakuna tone lililofika baharini, siku hiyo wala siku nyingine.

Nilifikiria kusema ni uzembe wangu, na wapo ambao wangeamini bila kusukumwa. Lakini meneja hajali nani kakosea, anachoshikilia ni kwamba uchafu umevuja. Kitakachomwokoa mzee ni yale maji safi, na maji safi siwezi kuyaeleza bila kumtaja aliyelegeza.

Nahodha hajui kwamba najua.

Haya ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyashika kwa mikono yangu. Sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (imesainiwa)

Maelezo ya askari mwandikaji: Nimeyaandika maelezo haya na kumsomea shahidi, naye amekiri ni sahihi. Aliomba habari za klampu zifutwe. Nilimweleza kwamba zikifutwa, mzee atapoteza nafasi yake gatini. Akauliza kama mzee mwenyewe atasomewa. Nikamjibu kwamba atasomewa, ni haki yake. Akauliza kama anaweza kuwapo siku hiyo. Nikamjibu kwamba hairuhusiwi. Akasaini.