Marehemu Aliyemjia Mtoto

Kariobangi, Juni 1974

Mpenzi Okechukwu,

Sisi wazima, na bati lililovuja limezibwa. Tangu uende kwenu Aba mtoto alikuwa analia tu. Mama yangu alimtajia marehemu wetu wote, maana kwetu Maragoli mtoto hulia mpaka atajwe marehemu aliyemjia, apewe jina lake. Wapi! Na jina la Kiigbo Mama alishalikataa, ndipo ukaondoka umenuna. Nilidhani hurudi.

Jana, kwa kuchoka, Mama akamtaja mama yako aliyekufa katika vita vya kwenu: "Mgbeke?" Ulimi ulimkwama. Mtoto akanyamaza, akanyonya, akalala.

Mama ndiye akalia. "Kumbe mkwe mwenzangu alikuwa mlangoni, nami nimemfungia!"

Rudi umfundishe Mama kulitamka jina hilo.

Ni mimi Khavere, ambaye wapangaji wa ploti nzima sasa wananiita Mama Mgbeke.