Garhoud Nzima Ilisubiri Jibu Lako

Dubai, Ijumaa, tarehe 7 Novemba 2008. Mwaka wa arobaini na nne tangu niondoke Unguja, na mwezi wa tatu tangu wewe uondoke hapa.

Mjukuu wangu Rahma,

Nakuandikia barua ya wazi, aisome atakaye, kwa sababu habari zako hazijapata kuwa siri tangu siku zilipoingia mdomoni mwangu. Kosa hilo ni langu na sijalikana. Lakini waliosubiri pamoja nasi wana haki ya kusikia mambo yalivyokuwa ndani ya nyumba, na wewe una haki ya kuyasikia kutoka kwangu kabla hujayaandika kwa namna yako.

Unakumbuka Disemba ile. Ulipeleka maombi kwenye vyuo vitano vya Marekani, vile vinavyomchukua mtu mwenye shahada ya kwanza na kumpa miaka miwili ya kuandika hadithi. Baba yako, kutoka Muskat, aliridhia kwa sharti moja: usipopata chuo cha kukugharamia, utachukua kazi ya ofisini uliyoahidiwa kule Jumeirah Lake Towers, na maneno ya hadithi yaishe. Ofisi ile ilikubali kukungoja mpaka Alhamisi ya kwanza ya Aprili. Naye bibi yako akatuwekea sharti la pili, zito kuliko la baba yako. Neno hili lisivuke mlango mpaka liwe. Macho ya watu yana uzito, alisema, na jambo changa huvunjika.

Nilikaa na siri hiyo siku moja na nusu.

Naapa sikukusudia. Nilikuwa barazani kwetu hapa Garhoud, pale nje ya mgahawa, tunakunywa kahawa baada ya sala ya alasiri, na Nassor akauliza mbona huonekani siku hizi. Unamjua Nassor, tumefanya kazi bandarini pamoja miaka ishirini na sita na hajawahi kuuliza swali moja akatosheka.

"Anaomba chuo," nikasema. "Anataka kwenda kusomea kuandika."

Nassor akaweka kikombe chini. "Kuandika? Miaka kumi na sita ya skuli, na bado hawajamfundisha kuandika? Mngeidai ada yenu hiyo skuli."

"Kuandika hadithi, bwana."

"Za kweli?"

"Za kubuni."

Akawageukia wenzetu. "Jamani, mmesikia? Mtoto anavuka bahari mbili kwenda kusomea uongo. Na huyu babu yake anao wa kutosha nyumbani, angempa bure!"

Walicheka mpaka mwenye mgahawa akatoka kuangalia. Lakini kabla hatujaondoka, Nassor huyohuyo alinyanyua mikono akakuombea dua, wote tukaitikia amina, na mimi nikatembea kurudi nyumbani nikijua kwamba siri imekufa na imeshazikwa kwa heshima zote.

Baada ya hapo haikuwa na mipaka. Musoke, mlinzi wa jengo letu, alisikia kutoka kwangu kwenye ngazi. Siku ya pili yake alinisimamisha. "Mzee, mimi nimepeleka jina ya Rahma kwa maombi. Ijumaa, siku ya ibada yetu hapa, kanisa yote itaomba. Nyinyi mnaomba upande yenu, sisi upande yetu, Mungu atachoka na kelele, atatoa." Achieng wa kaunta ya kahawa kwenye ile hoteli karibu na uwanja wa ndege alisikia kutoka kwa Musoke, na wewe uliposhuka kwenda kununua mkate alikupigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Rahma! Wamejibu? Bado? Wacha wakae nayo. Wakikukataa ni loss yao, si yako!"

Ulipanda juu na mkate mkononi na uso umebadilika. Bibi yako alinitazama, na mimi nikatazama dirisha.

Januari na Februari hukuwa mtu wa kawaida, mjukuu wangu. Ulifungua barua pepe ukiamka, ukaifungua tena kabla ya kupiga mswaki, kana kwamba Wamarekani wanafanya kazi wakati wamelala. Ulinitilia chumvi kwenye chai. Siku moja nilikukuta umekaa sakafuni umeshika nakala ya hadithi uliyowapelekea, machozi yanakulenga.

"Babu, yule mzee wangu amekunywa chai mara mbili asubuhi moja. Ukurasa wa kwanza na ukurasa wa nne. Nimeshaituma kwa vyuo vyote vitano."

"Ana umri gani?"

"Sabini."

"Basi ni sawa. Amesahau kama ameshakunywa."

Ulicheka bila kutaka, na mimi nikaona nimefanya kazi ya siku hiyo.

Kisha majibu yakaanza. La kwanza lilisikitika. La pili lilisikitika sana. Nilikuomba uyachape yote mawili, tukakaa mezani na kalamu yangu nyekundu. Mimi nimeandika barua za masikitiko miaka thelathini katika ofisi ya wakala wa meli: mzigo haujafika, mzigo umelowa, mzigo umeteremshwa bandari nyingine. Ninajua masikitiko yaliyoandikwa na mtu na masikitiko yaliyopigwa muhuri. La kwanza tulilipa alama nne juu ya kumi. La pili, lililosema kwamba wasomaji wao walibishana juu ya hadithi yako, tulilipa saba na nusu, na wewe ukataka lipewe nane. La tatu lilikuwa na mistari miwili tu, jina lako limekosewa. Hilo hatukulisahihisha. Ulilikunja ukaliweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza, na meza ikatulia. Sijawahi kuona barua ya kukataliwa iliyotumika vizuri zaidi.

La nne ndilo lililoleta vita. Lilifika asubuhi, uliniambia mimi peke yangu, kwa sauti ndogo. Saa sita uliposhuka, Musoke alisimama wima, akavua kofia yake na kusema, "Pole sana dada kwa ile ya nne."

Ulirudi juu kama moto.

"Babu, umenifanya taarifa ya habari! Nikitoka naulizwa, nikirudi napewa pole. Hata mfua nguo ameniuliza kwa Kihindi! Nimebakiwa na chuo kimoja na wiki moja, na nataka nisubiri kama binadamu, kimya."

Ulikuwa na haki. Nilikwambia nisamehe, ukasema msamaha upo lakini kwa ahadi. Mtu yeyote akiuliza habari za chuo, nijibu neno moja tu: sijui kitu.

"Mtu yeyote?" nikauliza.

"Yeyote, Babu. Hata awe nani."

Nikatoa ahadi mbele ya bibi yako. Jioni ile nikazunguka kwa wote, mmoja mmoja, nikiwasihi wanyamaze. Nassor alisema, "Khalas, yamekwisha, hatumjui hata huyo Rahma ni nani." Matokeo uliyaona mwenyewe. Ulipopita barazani kesho yake, wazee sita walinyanyua nyuso kwa pamoja wakaanza kuitazama ndege, na angani hapakuwa na ndege. Musoke alikufungulia mlango huku amebana midomo kama mtu aliyemeza wembe. Achieng alikupa andazi la bure na hakukusalimu hata kwa "sasa". Ulinijia ukiwa hujui ucheke au ulie. "Kimya chao kina kelele kuliko maneno yao," ulisema.

Ikaja Jumanne, siku mbili kabla ya siku ya ofisi. Ulikuwa umeshuka duka la dawa kumchukulia bibi yako dawa yake ya presha. Yeye alikuwa jikoni anakaanga sambusa. Simu ya mezani ikalia, ile namba uliyoijaza kwenye fomu kwa sababu simu yako ya mkononi ilikuwa inazimika kila baada ya saa moja. Nikapokea. Sauti ya mwanamke, Kiingereza cha Marekani, laini na ya haraka. Akataja jina lako, akalivunja katikati, akasema anapiga kutoka chuo fulani kuhusu maombi yako.

Rahma, moyo wangu ulijaa fahari. Huu ndio mtihani wenyewe, nikajiambia. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha ofisini, kilichonyooka kama shati la Ijumaa: samahani, madam, katika nyumba hii hakuna ajuaye lolote juu ya jambo hilo.

Akauliza kama kuna wakati mwingine mzuri wa kupiga.

Nikasema hakuna. Nikamtakia siku njema, nikaweka simu chini taratibu, kwa adabu.

"Nani huyo?" bibi yako akauliza.

"Mwanamke mmoja wa chuo, anamuulizia Rahma. Nimemwambia sijui kitu."

Mafuta yalikuwa yanalia kwenye karai. Bibi yako akazima jiko, akaja mpaka mlangoni na kijiko cha matundu mkononi.

"Chuo cha wapi?"

"Cha Marekani."

Akakaa kwenye kiti bila kuangalia kama kipo. "Wewe mwanamme," akasema. "Miezi mitatu umemwambia kila kiumbe Dubai, Muislamu na Mkristo. Aliyekuwa na jibu ni mmoja tu, na huyo ndiye uliyemficha!"

Wewe ukaingia na kifuko cha dawa. Nilikueleza nikiwa nimesimama, kama karani aliyepoteza hati za mzigo. Nilitegemea ukasirike. Ulinitazama kwanza mimi, kisha simu, kisha bibi yako na kijiko chake, halafu ukakaa palepale kwenye zulia ukacheka mpaka ukashika mbavu. Nikacheka na mimi, kwa hofu. Bibi yako peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama simu kama paka anavyotazama tundu.

Simu yetu haikuwa na kioo cha kuonyesha namba. Ulikiandikia kile chuo kimoja kilichobaki barua pepe, ukaisoma mara nne kabla ya kuituma, kisha tukakaa watatu mbele ya simu. Ilipolia, bibi yako ndiye aliyeiwahi. Alisikiliza nusu sekunde. "Nassor, toka kwenye simu!" akapiga kelele, akaikata. Mpaka leo Nassor anasema alikuwa anataka kuuliza bei ya samaki tu.

Ilipolia mara ya pili ulipokea mwenyewe. Nakumbuka kila kitu. Ulisema ndiyo, ukasema ndiyo tena, ukachukua kalamu yangu nyekundu ukaandika kitu nyuma ya bili ya umeme. Ukasema, "Huyo alikuwa babu yangu. Hapana, ni mtu mwema. Alikuwa ananilinda." Kidole gumba cha mguu wako wa kulia kilikuwa kinapiga zulia kwa kasi kama cherehani. Ulipoweka simu chini hukuruka. Ulisema polepole, "Wananitaka. Na masomo ni juu yao." Bibi yako akasema alhamdulillahi, akarudi jikoni akawasha jiko, na kutoka huko tukamsikia analia kwa raha zake.

"Sasa naweza kusema?" nikakuuliza.

"Sema, Babu. Mwambie hata asiyetaka."

Nilishuka ngazi na kikoi na fulana, kichwa wazi, mambo ambayo sijawahi kuyafanya katika mji huu. Sikufika chini. Musoke aliniona kwenye ngazi ya katikati na uso wangu ukamtosha. Alipiga kelele iliyomleta mwenye jengo mlangoni. "Ni kanisa!" alisema. "Ni ile Ijumaa ya mwisho, tulifunga bila kula!" Nassor naye barazani akadai ni dua yake, wakabishana mimi nikiwa katikati na sahani ya sambusa, na Achieng akavuka barabara na sare yake ya kazi kuja kukukumbatia, akisema aliwaambia hao watu zamani. Sambusa zilikwisha kabla bibi yako hajapata hata moja. Alhamisi ukaenda ofisini kule kwenye minara ukawaambia asanteni, na wakakupa mkono.

Sasa nyumba ni kubwa kidogo kuliko tulivyozoea. Asubuhi chai yangu ina sukari, na sijui kwa nini haina ladha sana. Lakini usidhani tuna huzuni. Barazani wewe ndio mazungumzo. Nassor anauliza kama umeshafikia somo la uongo mkubwa au bado mko kwenye mdogo, na anaomba ukimtia kwenye kitabu umuongezee urefu. Musoke anataka jina lake liandikwe lote, na la kanisa.

Umeniandikia kwamba chuo kitakupa nauli ya kwenda Unguja wakati wa kiangazi ukaitazame mitaa unayoiandika. Umeniomba twende pamoja, nikushike mkono, nikuonyeshe nyumba niliyoiacha. Nimekaa na ombi hilo siku tisa, na sikumwambia mtu, hata Nassor. Nenda, mwanangu. Nenda kwa furaha, mchana, na daftari. Uliza njia kwa wenyeji. Wao ndio wanaoijua sasa. Ukiikuta nyumba imepakwa rangi nyingine, andika rangi hiyo, usiandike yangu. Ukikuta watoto wa watu wanacheza mlangoni, wape salamu na uwaulize majina yao. Nilikulea na Unguja ya kusimuliwa. Nataka uwe na yako ya kuona, na hutaipata nikiwa pembeni nakusahihisha. Mimi nina furaha yangu hapa, na bibi yako, na watu hawa wasiojua kunyamaza, na barua zako za kusubiri.

Mungu akuhifadhi huko kwenye baridi. Vaa soksi mbili. Mimi Unguja sirudi.

Babu yako