Mkaa wa Senetwet

Kedowa, 2 Machi 2024

Kwa Kimutai wangu,

Chamgei, mwanangu. Huku tu wazima. Mvua imeanza kuchungulia, chai inachipuka, na ng'ombe amezaa ndama jike. Mgongo unanisumbua lakini huo tumeshazoeana. Wewe je, mwili uko aje?

Nauliza kwa sababu hushiki simu. Tangu Januari nikipiga inalia mpaka inachoka, halafu unatuma ujumbe, "Niko darasani, Mama." Ni darasa gani hilo la Jumapili jioni? Na jana Bethwel wa lori ya waru, yule anayepeleka viazi Nairobi, ameniletea klarineti yako, eti umesema ikae kwangu. Kitu ambacho tangu uwe mwanafunzi hujawahi kulala mbali nacho! Nikamweka Bethwel chini na chai mpaka akasema. Ulimkaribisha vizuri, anasema, lakini skafu haikutoka usoni, na chai ulikuwa unaivuta kwa mrija.

Mtoto aliyezaliwa katikati ya majani chai anakunywa chai kama soda! Kimutai, mficha maradhi kifo humuumbua. Kama hutaki kuongea, niandikie. Bethwel anarudi huko Alhamisi.

Mama yako,
Phelis


Nairobi, 7 Machi 2024

Mama mpendwa,

Barua imefika, na gunia la waru pia. Asante. Nimefurahi kwa ajili ya ndama. Mimi si mzima sana, na naona Bethwel mdomo wake hauna breki.

Asubuhi moja Januari nilikuwa napiga mswaki, maji yakamwagika yenyewe upande wa kushoto. Kutazama kioo, nusu ya uso imelala. Usiogope, si kiharusi. Daktari anasema ni neva imevimba. Wengi hupona baada ya miezi, wengine hubaki hivyo, na mimi hajui niko kundi gani.

Klarineti inashikwa na midomo, Mama. Midomo ikilegea kidogo tu, pumzi inatoka pembeni na sauti inakufa. Mwezi wa nane okestra yetu ina tamasha, na safari hii nilikuwa nimechaguliwa kusimama mbele, mimi na klarineti yangu, wengine wote wakinifuata. Miaka yote nimekaa safu ya nyuma nikiingoja siku hiyo. Sasa chuoni nafundisha nadharia peke yake, na wanafunzi wangu wana adabu mpaka wananiumiza. Wote wanatazama daftari.

Simu sishiki kwa sababu maneno yanayotaka midomo ikutane yananitoka kama upepo. Sikutaka unisikie hivyo. Na klarineti nimeituma kwako kwa sababu kila nikiiona mezani nalia. Iweke tu chini ya kitanda. Tamasha likifika na uso bado umelala, nitampa mwanafunzi klarineti hiyo.

Mwanao,
Kimutai


Kedowa, 30 Machi 2024

Kimutai wangu,

Pole, pole sana, mwanangu. Nimechelewa kujibu kwa sababu nililia kwanza, halafu nikaomba, halafu kulikuwa na chai ya kuchuma. Akina mama wa kanisa wanakuombea. Sikuwaambia ni ugonjwa gani, nilisema tu ni kijana wangu.

Lakini umenikasirisha. Eti "sikutaka unisikie"! Mimi nilikusikia ukiongea kabla hujajua neno hata moja, na nilikuelewa. Ungekuwa na mke hapo wa kukushikia kikombe nisingesema mengi. Lakini hutaki kuoa, kwa hivyo utanivumilia.

Sasa habari njema. Chini ya kitanda nilikataa. Nilifungua kasha, woi, Kimutai! Mtu msomi kama wewe! Ndani kuna unyevu na harufu ya mate ya miaka. Unajua nilipoolewa hapa, Mgusii mgeni, kogo yako, mama ya baba yako, hakuniruhusu kugusa kibuyu cha maziwa mpaka nijue kukitunza. Kwa hivyo niliiosha klarineti kwa maji moto kwenye beseni, nikaianika juani. Nikachoma tawi la senetwet, ule mti wa kutunzia vibuyu, nikasaga mkaa, nikachukua sosiot, ile brashi ya kibuyu, nikasugua ndani mpaka pakateleza. Hata vile vitakia vilivyo chini ya vyuma nimevipaka mkaa kimoja kimoja. Jioni nzima! Sasa inang'aa na inanukia. Ukiweka maziwa humo hayawezi kuharibika.

Nimempa Bethwel akurudishie. Haifai ilazwe chini ya kitanda kama kitu cha marehemu.

Mama yako,
Phelis


Nairobi, 4 Aprili 2024

Mama! Mama!

Salamu baadaye. Maji moto? Kwenye beseni?

Nilisoma barua yako katika chumba cha walimu nikiwa nimeshika kichwa. Huo ni mti wa mpingo, Mama, maji na jua ndio maadui wake. Nikafungua kasha. Vitakia vyote vimevimba kama mandazi, kila tundu lina mkaa, na meza ya walimu ikawa nyeusi. Nilitaka kulia. Halafu nikafika pale pa maziwa hayawezi kuharibika, nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Tangu Januari sijathubutu, kwa sababu ukicheka na nusu ya uso watu wanashtuka.

Chepchumba, mwalimu wa kuimba, akageuka. Akaniambia, "Kimutai, cheka tena." Nikamuuliza kuna nini. "Huo upande mwingine umesogea."

Nilikimbia kwenye kioo. Ni kidogo tu, kama mtu anayevuta pazia achungulie nje. Lakini ni kushoto, Mama. Ni kushoto!

Mwanao,
Kimutai


Kedowa, 13 Aprili 2024

Kimutai wangu,

Mungu ni mwema. Nimemsomea kogo yako barua yako pale kaburini, kwa sauti, na ng'ombe wakasikiliza.

Kwa kuharibu klarineti, nisamehe. Aibu ilinishika siku mbili nzima, sikutoka hata kwenda kituo cha chai. Halafu nikafikiria, kama ni beseni iliyoamsha uso, nitumie na piano niioshe.

Fanya mazoezi unayoambiwa na daktari. Usiharakishe.

Mama yako,
Phelis


Nairobi, 5 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Natumai mgongo umetulia na ndama anakua. Nisamehe kunyamaza miezi hii yote. Nilikuwa nangoja niwe na la kusema.

Tamasha limepita. Sagini, mwanafunzi wangu wa zamani, ndiye aliyesimama mbele. Alipuliza vizuri sana. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikauma, kisha nikatoka nje nikalia. Sitakudanganya.

Lakini klarineti sikumpa. Fundi alibadilisha vitakia vyote, akasafisha, akauliza mara tatu huu mkaa ulitoka wapi. Harufu ilimshinda kuitoa. Jana niliishika, nikapuliza ile sauti ya chini kabisa, ile nene. Pumzi nyingine ilitoka pembeni. Sauti ikasimama hata hivyo, na chumba chote kikanukia kibuyu cha kogo.

Usiijibu barua hii. Jumapili baada ya kanisa kaa karibu na simu, mimi ndiye nitapiga. Nimekuwa nikifanya mazoezi ya kukuita Mama mbele ya kioo. Jina hilo linataka midomo ikutane mara mbili, na sasa inakutana.

Mwanao,
Kimutai