Gitare Basse ya Rangi Tatu

Siku ya Mungu, 28 Mei 1961

Nilipata basse! Leo, kisha misa. Madame Edith anarudia Ubelgiji. Bwana yake, mwenye alikuwa anapiga muziki mu hoteli ya ville, fasi ya bazungu, alishatangulia, na mu nyumba yao hamuna kitu, paka masanduku tu. Gitare ilikuwa nyuma ya mulango wa jiko, pamoja na fagio. Nyuzi ine. Tumbo pana, wazi ndani sawa violon, na juu bao nyembamba. Ya Budachi, inchi ya Bajerumani.

Hakutaka franka. Alitaka kinga, baisikeli, amupe mupishi yake pa fasi ya mushahara. Nikatoa yangu, na pompe, na taa yake. Sikusumbuka hata kidogo — uongo. Ku barabara ya Katuba, mutaa wetu, kwa miguu, nilianza kusumbuka.

Claudine, bibi yangu, alitazama gitare, akatazama ukuta fasi kinga ilikuwa inasimama.

— Baba Annie, kesho utapanda nini ku kazi? Utapanda hii?

Nilianza kupangusa vumbi ku nyuzi. 

Kweli, gitare iko mugonjwa. Verni, ile mafuta ya kung'arisha muti, inatoka maganda. Kuko alama ya sigara karibu ya nyuzi. Nyuma ya shingo inanata mukono. Lakini niligusa uzi wa chini, na ndani ya tumbo yangu kitu kikaitika. Tangu basoda ba jeshi balivunja kontrabasi ya bar, yenye nilikuwa ninapiga, sikusikia tena ile.

Siku ya tatu, 31 Mei

Bega inaniuma. Kontrabasi inasimama yenyewe, uzito yake iko chini. Hii inaning'inia ku mwili wangu. Na kichwa yake inavuta: nikiachilia mukono wa kushoto, shingo inaanguka sawa mulevi. Muntu hawezi kupiga na kushika pamoja.

Bon. Nilikata mukaba mupana wa ngozi ya ngombe, nikaweka upande wa manyoya ndani, ushike shati. Kifungo nilikipigilia chini ya shingo, hapana ku kichwa. Nilikwangua verni nyuma ya shingo na kipande cha chupa, nikapakaa mafuta ya kitani. Sasa mukono unapita. Nyuzi pia nilizishusha, zilikuwa juu sana, za muntu wa vidole vya chuma. Claudine aliniita kukula bukari, akaita tena, akakula na Annie bila mimi.

Mu atelier, ku kazi yangu, banasema Bakasai bengine, bantu ba kwetu, balifukuzwa. Patron hakusema sababu. Kila muntu anajua: Katanga inataka inchi yake yenyewe, na sisi ba Kasai tunaitwa bageni. Mimi kazi yangu ni kupaka verni bintu bya mbao bya bazungu, na bazungu benyewe banakwenda.

Siku ya posho, 10 Juni

Nilimaliza kukwangua tumbo ya gitare. Bila haraka, na chupa, kisha na karatasi ya muchanga. Chini ya ule uchafu muti ni muzuri, unaonekana mistari yake yote. Nilitaka kuuacha vile, na gomme-laque tu, verni ya zamani: kitambaa, pombe kali, kupita na kupita siku mingi mpaka uso wako unaonekana ndani. Ile kazi ninaijua kupita bote ba Katuba, na sijisifu.

Nkandu alifika. Yeye njo mukubwa wa orchestre yetu, muntu wa Kasenga, wa hapa Katanga. Tunapiga pamoja tangu sikuwa na bibi. Alikaa, akanywa maji, hakuniangalia mu macho. Anasema balituita kupiga ku sikukuu, Katanga kutimiza mwaka ya uhuru wake. Anasema bale ba comité ya sikukuu baliuliza: na yule Mukasai, anafanya nini mu orchestre?

— Ukasema nini?

— Nilisema ni mwenzetu. Balicheka. Frère, funga hata kitambaa cha rangi yao ku gitare. Kidogo tu. Baone.

Alipotoka, Claudine alisema: funga. Alikuwa anachagua maharagi, hakuinua kichwa.

Siku ya kwanza, 19 Juni

Nkandu aliomba kitambaa. Mimi nilipaka drapeau muzima, bendera yao ya Katanga.

Ninajijua. Kazi ya nusu inanitia hasira. Nyekundu juu, nyeupe chini, mustari wa kijani unakata katikati, na misalaba tatu ya mukuba, rangi ya shaba, fasi mukono wa kuume unalala. Rangi ya motokari, ya kupuliza. Na sikufunga muti kwanza. Kawaida tunafunga tundu zake na gomme-laque mbele ya rangi, kusudi rangi isiingie ndani. Mimi nilitaka iingie. Nilitaka muntu akikwangua na ukucha asiseme: huyu anatudanganya, ni ngozi ya juu tu. Iliingia. Muti ulikunywa yote, nikapaka tena, ukakunywa tena.

Claudine aliangalia. Anasema: nilikuambia kitambaa.

Inapendeza. Mungu anisamehe, inapendeza.

Siku ya tatu, 12 Julai

Jana tulipiga ku kiwanja cha mpira. Bakasai ba Katuba balijifungia mu manyumba, hakuna jirani mwenye aliniona, na nilishukuru. Nilipiga tangu jua kali mpaka jioni, na bega haikuuma. Mukaba ulishika. Mukono ulikwenda wenyewe. Njo mara ya kwanza mu maisha yangu ninapiga bila kufikiri mwili wangu. Bantu balicheza, bamama balinionyesha kidole: ona ile gitare. Muntu moja wa kofia alinipa bia, akauliza nilizaliwa fasi gani. Nilisema hapa. Ni kweli, nilizaliwa hapa. Baba yangu alikuya kutoka Kasai na gari la moshi, mimi sijafika kule.

Nilifurahi. Ile njo inanisumbua leo.

Siku ya ine, 24 Agosti

Sina kazi tena. Patron aliniambia kwa upole, akanipa na kopo ya verni, ya ukumbusho. Niliiacha ku mulango wake.

Nyumba ya pili kutoka kwetu, bajeunesse, bale bijana ba chama ya Katanga, balivunja mulango. Balitoa kitanda, balitoa baba ya nyumba. Kitanda balikichoma. Baba, hatujui fasi iko.

Nkandu alipita, kofia mu macho. Anasema kunipigisha tena haiwezekani, batamuua pamoja na mimi. Anasema niache gitare kwake, atanichungia, mambo ikitulia nitaikuta. Alisema vizuri, ninakubali. Nilimujibu vibaya. Nilimuambia na yeye atafute kinga ya kutoa, anunue yake. Alikwenda. Claudine alilia juu ya ile kuliko juu ya kazi. Anasema ule alikuwa rafiki wa mwisho.

Siku ya posho, 2 Septemba

Tuko mu kambi ya ONU, Umoja wa Mataifa. Ninaandika juu ya goti.

Asubui Dominique na kaka yake Stanislas, bajirani betu, Bakasai sawa sisi, balikuya kusema: ni leo, ao basi. Tulitoka na bantu mingi ba Katuba, mulolongo murefu. Claudine na Annie ku mugongo, sufuria ku kichwa. Mimi matela ku kichwa, gitare ku mugongo, ndani ya blanketi. Kama kinga ingalikuwa — ninyamaze.

Mbele ya daraja, barrière ya kufunga barabara. Bijana ba jeunesse, na mapanga na minyororo ya kinga. Banaangalia kila muntu, banatoa banaume mu mulolongo moja moja, banabapeleka nyuma ya ukuta. Tulisogea.  Zamu ilifika kwetu. Kijana moja alivuta blanketi. Nilifunga macho.

Alicheka. Aliita benzake, bakuje baone. Balipapasa misalaba na vidole. Moja aliuliza kama ni mimi wa ile orchestre ya sikukuu. Nilisema ni mimi. Bakaniambia nipige. Nilitua matela, nilipiga kidogo, palepale, juu ya barabara, na nyuma yetu bantu banangoja zamu yao. Kijana alirudisha blanketi mwenyewe, akafunga vizuri.

— Pita, mwenzetu. Na bibi yako apite.

Tulipita. Sikugeuka. Nilisikia nyuma Stanislas anasema jina yake, tena na tena, kwa sauti ya kawaida, sawa muntu mu biro.

Kisha lori ya ONU ilionekana, bantu bakakimbia kila upande. Dominique alifika kambi muchana, shati imepasuka. Peke yake. Alikuwa mbali nyuma, hakuona kitu, aliona paka bale bijana tu, banacheka na sisi tunapita. Aliniuliza:

— Muanetu, balikuachilia juu ya nini? Ulibaonyesha nini?

Nilisema nilibaambia Claudine iko na ugonjwa wa kuambukiza, baliogopa.

Aliitika. Alinishika mukono na mikono yake yote mbili. Anasema Mungu alitusaidia. Claudine alisimama pale, akatazama chini.

Siku ya tatu, 6 Septemba

Nyumba yetu ni magunia na matawi. Maji ni kupanga mustari tangu asubui. Annie anahara.

Bijana betu ba kambi beko na hasira, na ile hasira inatafuta fasi ya kwenda. Banazunguka, banafungua mizigo. Jana balikuta kipande cha drapeau mu sanduku ya muntu moja. Bibi yake alikuwa anafungia chumvi ndani. Sitaandika yenye balimufanyia. Claudine aliona. Alirudi na ndoo bila maji.

— Ile gitare, choma. Kuni hatuna.

Nilimuambia nitaikwangua. Ninakwangua muchana, saa batoto banapiga kelele, gitare kati ya magoti, blanketi juu, chupa mu mukono. Nyeupe ilitoka. Nyekundu ilipunguka kidogo. Kijani na misalaba biko mule ndani ya muti. Nilifanya bisitoke, na bilinisikia. Bao imekuwa nyembamba, inalegea chini ya kidole. Nikiongeza mara ingine, ninatoboa, na gitare yenye kutobolewa haisemi tena.

Claudine anasema: kwa hiyo bora sisi tutobolewe?

Niko na hasira juu ya vile anasema kweli. Sichomi. Kule Kasai, kama tutafika, nitakula nini? Hakuna mwenye anangoja mupaka verni. Muntu wa basse, pengine.

Siku ya kwanza, 11 Septemba

Habari ilifika. Balimukuta Stanislas. Balimuzika fasi hatutaweza kufika.

Dominique alikuya kukaa na sisi. Claudine alimupa chai bila sukari. Mimi nilikaa mbele ya blanketi. Alikunywa yote, akasema:

— Kesho tunafanya matanga hapa. Banasema uko na gitare. Kaka yangu alipenda muziki kupita chakula. Hatukumuona, hatukumuzika, tusimulilie na kimya pia. Umupigie.

Nilisema uzi moja umekatika. Anasema atatafuta waya. Nilisema bila mashini ya umeme haisikiki. Anasema tutaweka tumbo yake juu ya sanduku, itasikika, balifanya vile mu bar moja ya Katuba. Nilisema bega inaniuma. Anasema: usisimame, nitakuletea kiti. Kila sababu yenye nilileta, alinitengenezea. Dominique ni muntu mwema. Njo inaniua.

Nilisema ndiyo. Ningesema nini? Mukasai mwenye anakatala kupigia maiti ya Mukasai, mu hii kambi, kesho banafungua mizigo yake.

Alipotoka, Claudine alichukua sufuria, akaanza kukwangua masizi. Tulichanga masizi na mafuta ya ngazi, ya mawese. Mafuta ya kitani inakauka. Ya ngazi haikauki, hata ungoje mwaka. Ninajua vizuri, njo kazi yangu. Hatuna ingine. Tulipaka yote, mbele, nyuma, kando. Ikakuwa nyeusi ya kilio. Kwa macho, ni muzuri.

Siku ya pili, 12 Septemba

Nilijaribu asubui, Claudine anachunga mulango. Nyimbo moja ya polepole. Nikaangalia. Fasi mukono wa kuume unalala, masizi yote imehamia ku shati, na musalaba moja uko inje kabisa, unang'aa na mafuta. Nilipaka tena. Nikajaribu kushika gitare mbali na tumbo, kiwiko juu, mukono usiguse. Inawezekana. Kisha bega inachoka, na mukono unarudi ku bao mbele ya nyimbo ya pili.

Claudine amefunga mizigo. Nilimuuliza ya kwenda fasi gani. Anasema hajui, anafunga tu.

Niko na woga. Ninaandika kusudi mikono isifanye kitu kingine.

Banaanza kuimba kule. Dominique iko ku mulango. Alileta kiti, ya kweli, sijui alikopa wapi, na waya ya uzi. Bila kutoka, nilimuambia nitapiga nyimbo moja tu, ya heshima, bega haitaweza zaidi.

Anasema nisijisumbue, nipumuzike kati ya nyimbo, tuko na muchana muzima. Bijana bote ba kambi, bale ba kufungua mizigo, balikuya, banakaa karibu na kiti. Anasema Stanislas hakupenda nyimbo fupi.