Usichome Ulezi wa Mwakani

Mpendwa Mama mkwe,

Shikamoo. Najua huitikii, ila ni wewe uliyenifundisha kwamba mkamwana hafungui mdomo kabla ya salamu, na leo nina maneno mengi.

Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja, hapa ghalani Sumbawanga, nakuandikia kwenye simu. Akiniita natakiwa kujibu ndiyo au hapana: anataka nikasimamie ghala la Mwimbi kuanzia mwezi ujao. Mshahara unapanda, na nyumba ipo. Lakini kule msimamizi anafungua mwenyewe na kufunga mwenyewe, na malori ya mahindi hayajui Jumapili. Nilipomgusia kwamba naandika riwaya, alicheka kwa upole, akasema hiyo nitaandika nikistaafu. Heri angenigombeza.

Wewe hukunicheka. Niliporudi kazini baada ya kujifungua, nilidhani kitabu kimekufa. Ukawa unanigongea alfajiri, baridi ya Ufipa ikiuma masikio, unambeba mjukuu wako mgongoni, unaniambia niandike mpaka jua litoke. Kisha unakaa na ungo wako wa ulezi, nami nakusomea nilichopata. Siku mjane wa kwenye hadithi yangu alipomtoroka shemeji yake kwenda kumtafuta mwanawe, uliacha kupepeta.

"Mwanamke gani anaondoka bila kufunga mlango wa kuku?"

Nikakueleza kwamba ana uchungu, hana akili ya kuku. Ukaniuliza kama kicheche naye anaujua huo uchungu wake. Nilinuna mpaka jioni na sikubadilisha hata neno. Jeuri yangu unaijua.

Unaijua tangu mwaka ule wa kwanza wa ndoa, uliponituma shambani Kate mvua zikielekea mwisho, nikafyeke nyasi. Mimi mtoto wa Kisukuma. Kwetu nyasi ni za ng'ombe, na walichoacha ng'ombe ni cha moto. Nikafyeka, nikakusanya, nikawasha, nikasimama pembeni kusubiri sifa. Ulikuja na jembe begani, ukatazama moshi.

"Mwanangu, umechoma ulezi wa mwakani."

Ndipo ukanionyesha sehemu iliyobaki: nyasi zinalazwa zikiwa bado mbichi, zinafunikwa udongo mpaka tuta linakuwa duara, juu yake maharage, halafu unaliacha lioze taratibu. Mwaka unaofuata unalisambaza na kupanda ulezi. Kisa hicho ulikisimulia kwenye jumuiya nzima. Hata padri alinisalimia kwa kuniuliza kama nina kiberiti.

Kule wodini, ulipolazwa mara ya mwisho, uliniuliza jambo moja tu: yule mwanamke alifika? Nami mwisho nilikuwa sijauandika. Nikaona haya, nikakuambia nitakusomea kesho. Kesho yake tukakusafirisha kwenda kukuzika Kate. Bado inaniuma, Mama. Inaniuma nikiwa napima magunia, inaniuma nikiwa nakula.

Nilimaliza hivyo hivyo, nikautuma mswada kwa mchapishaji. Umerudi juzi. Wanasema hadithi ina uhai, lakini nusu ya kwanza niijenge upya kabisa, niirudishe kabla mvua hazijaanza. Nusu ya kwanza, Mama, ndiyo ile uliyoisikia wewe. Nilichukua karatasi zote nikaenda nazo jikoni. Jiko lilikuwa linawaka. Mwanao Gaudensi, ambaye tangu tukuzike anaongea kama analipia maneno, alinishika mkono.

"Usichome ulezi wa mwakani," akasema.

Nililia mbele yake kuliko nilivyolia msibani. Kuhusu Mwimbi hakunishauri lolote. Alisema tu kwamba mbeleko yako anajua inapokaa.

Mlango unafunguliwa. Naitwa.

Nimerudi kwenye benchi lile lile. Nimesema hapana. Aliniuliza kama mume wangu anajua, nikasema anajua. Akasema nafasi kama hii hairudi, na msimu ujao asije akanisikia nikilalamika. Nikamshukuru, nikagonga kiti wakati wa kutoka.

Naogopa. Viatu vya mtoto vimeshaanza kumbana, na kitabu kinaweza kukataliwa tena nikabaki na ghala na aibu. Sina ujasiri wa kukuonyesha, nina hili jibu tu ambalo limeshatoka mdomoni. Kesho alfajiri hakuna atakayenigongea. Nitaamka mwenyewe, na Gaudensi atambeba mtoto kwa mbeleko yako, majirani wacheke wakichoka waache.

Nitaanza na ukurasa ule tuliogombania. Sentensi zake za kwanza nimeshaziandika hapa hapa kwenye simu. Uliniuliza kama alifika. Bado, Mama, yuko njiani. Lakini safari hii, kabla hajaondoka, alirudi uani akafunga mlango wa kuku.

Lala salama hapo Kate, karibu na matuta yako.

Mkamwana wako,
Msukuma wa kiberiti