Ufunguo wa Kwenye Pindo

MAELEZO YA SHAHIDI (YA NYONGEZA)

Jina: limeandikwa kwenye jalada. Mtaani anaitwa Bi Pazia.
Umri: miaka 43.
Kazi: fundi wa mapazia.
Makazi: nyumba ya kupanga yenye geti la kijani, nyuma ya kiwanda cha matofali.

Mimi ndiye mwenye jina lililotajwa hapo juu. Nashona mapazia, napima madirisha, na kutundika natundika mwenyewe. Naishi na mama yangu mzazi pamoja na mdogo wangu wa kike, tumbo moja, ambaye ndiye ninayeshona naye. Jumamosi nilitoa maelezo hapa kituoni kuhusu skuta yangu ya bluu iliyoibwa. Leo nimekuja kutoa mengine kwa sababu yale ya kwanza yana uongo ndani yake. Uongo huo sikuutunga mimi, ila saini iliyo chini yake ni yangu.

Afande ameniambia nianze mwanzo na nisizunguke. Sawa.

Mnamo tarehe 6 mwezi huu, saa nne asubuhi, nilikwenda kupima madirisha katika ofisi ya wakili mmoja, ghorofa ya pili. Skuta niliiacha chini. Niliposhuka sikuuona ufunguo. Nilikung'uta mkoba mzima palepale kwenye ngazi, zikamwagika pini, chaki na vipande vya vitambaa, ufunguo hakuna. Nikarudi juu nikatambaa chini ya meza za watu, mpaka karani wao akaniuliza kama siku hizi madirisha yanapimwa kwa magoti. Sikuwa na hamu ya utani. Skuta ile ndiyo miguu yangu. Nabeba vyuma vya mapazia virefu kuliko mimi, na hakuna kondakta anayenikubalia kupanda navyo.

Nilimpigia simu mdogo wangu, akaniletea ufunguo wa akiba. Alikuja mbio, anahema, jasho linamtiririka. Nakumbuka nilimwombea dua moyoni. Nikaendesha moja kwa moja hadi kwa fundi wa pikipiki. Fundi aliniuliza kama nina hakika uliangukia wapi, nikamwambia sina. Akasema basi nihesabu kwamba uko mfukoni mwa mtu ambaye tayari ameshaiona skuta yangu. Alibadilisha swichi yote pamoja na kitasa cha kiti, akanipa funguo mbili mpya. Aliniambia nifunge usukani hata nikisimama kununua uzi tu, gurudumu la nyuma nilifunge mnyororo kwenye kitu kisichobebeka, na kadi ya skuta nisiiweke tena chini ya kiti. Yote nilifanya. Nilinunua mnyororo mnene, nikawa naufunga kwenye nguzo ya baraza. Mdogo wangu alicheka akaniuliza kama nafunga ng'ombe.

Nilizungumza pia na mlinzi wetu, ambaye sote tunamwita Komando. Tulimpa jina hilo kwa jinsi anavyotembea, si kwa ukali, maana hata paka wa jirani wanalala kwenye kiti chake naye anasimama. Nilimwambia mtu yeyote akitaka kuitoa skuta hii na si mimi, hata kama ana ufunguo mkononi, afunge geti. Akaniuliza, hata mama? Nikacheka. Nikamwambia mama hajui hata inawashwa wapi.

Sasa nieleze habari ya pindo, maana bila hiyo maelezo yangu hayatashikika. Sisi tukishona pazia tunatia kipande kidogo cha chuma kwenye kila kona ya pindo la chini ili lisipeperuke, linyooke. Ufunguo wa akiba wa skuta na ule wa kufuli niliziweka humo, kwenye pazia la sebuleni kwetu, kona iliyo karibu na kiti cha mama. Nilitoa chuma, nikaviringisha funguo mbili kwenye kitambaa, nikazishonea ndani kwa mkono. Hakuna mwizi anayepapasa mapazia. Nilimwambia mtu mmoja tu duniani, mdogo wangu, ili nikipatwa na jambo barabarani asihangaike. Mama alikuwa amekaa palepale anachambua mchele, akasema sisi mafundi tuna akili za ajabu.

Mnamo tarehe 17, siku ya Jumamosi, mteja alinitumia gari kuja kunichukua kwa sababu mapazia yake yalikuwa mengi. Skuta niliiacha nyumbani, imefungwa. Niliporudi saa kumi alasiri haikuwepo. Mnyororo ulikuwa chini ya nguzo, haukukatwa, kufuli limefunguliwa na kuwekwa juu yake vizuri. Komando alisema hakuona kitu, kwamba mchana mama alimtuma duka la dawa kumnunulia dawa ya kifua, na kule alikuta foleni. Nilimuuliza mama. Mama akasema hakumtuma mtu yeyote, kifua chake ni kizima. Alisema hivyo Komando akiwa amesimama mbele yake na kofia mkononi.

Mimi nilimwamini mama yangu. Ningemwamini nani?

Tulikuja hapa kituoni sote, mimi, mama na mdogo wangu. Afande aliniuliza kuhusu funguo. Kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimebonyeza pindo la pazia nikasikia ugumu ndani, kwa hiyo nikajibu kwamba funguo zote zipo, seti moja iko kwangu na nyingine iko salama. Akaniuliza kama kuna mtu aliyewahi kushika ufunguo wangu. Mdogo wangu akajibu badala yangu. Alisema Komando huwa anaiosha skuta na nampa ufunguo, angeweza kuuchongesha. Ni kweli anaiosha. Mama naye akamwambia afande kwamba hakumtuma Komando popote. Ndivyo ilivyoandikwa, na ndivyo Komando alivyochukuliwa jioni ile. Hakubisha. Aliniangalia mimi tu, akasema, "Bi Pazia, mama alinituma." Nami nikageuza uso.

Mnamo tarehe 19, siku ya Jumatatu, yaani jana, afande alinipigia simu nilete funguo zote mbili kama vielelezo. Nikakaa chini na mkasi nifumue pindo.

Mimi nashona kwa mkono wa kulia. Mishono yangu inalala upande mmoja. Mishono ya pindo lile ilikuwa imelalia upande wa pili, midogo, imekazwa vizuri, na fundo limefichwa kwa ndani. Mdogo wangu anatumia mkono wa kushoto. Nimemfundisha mwenyewe tangu akiwa msichana wa shule, na kuficha fundo kwa ndani ni mimi niliyemfundisha. Nilifumua. Ndani hamkuwa na funguo. Mlikuwa na kile chuma chetu, kimerudishwa mahali pake.

Mwizi wa kawaida angepasua pazia kwa wembe akaenda zake. Huyu alikaa chini akashona. Nadhani alitaka nikibonyeza nisikie ugumu, lakini namjua pia, hawezi kuondoka na kuacha pindo wazi. Kazi yake ni nzuri, nataka niseme hivyo. Ningekuwa mtu mwingine nisingejua mpaka leo.

Sikulia. Niliweka kile chuma juu ya meza ya cherehani nikangoja. Alirudi kabla ya adhuhuri na mfuko wa nyuzi. Alikiona, akaweka mfuko chini taratibu. Hakuuliza ni nini.

Nilimwambia, "Sema."

Akasema, "Dada, ningekwambia baada ya harusi."

Kisha akasema yote, tena haraka haraka, kama mtu anayetua mzigo. Mchumba wake alifukuzwa kazi ya udereva. Kwao wakaanza kuisogeza harusi mbele, wakisema ataoaje hana shughuli. Alikuwa ameahidiwa kazi ya kusambaza vifurushi, lakini lazima awe na chombo chake. Mdogo wangu akamwambia atalishughulikia. Ijumaa jioni nilipokuwa bafuni alitoa funguo na kulishona pindo, halafu tukala pamoja sahani moja, tukacheka. Jumamosi gari la mteja liliponichukua, mchumba akaja.

Nikamuuliza Komando alikuwa wapi, maana haachi geti hata mvua inyeshe. Aliangalia mlango wa chumba cha mama. Mama alikuwa ameshatoka, amesimama mlangoni.

Nilimuuliza, "Mama, Komando ulimtuma dawa au hukumtuma?"

Mama akasema, "Nilimtuma. Wewe una mikono yako, mwanangu, utanunua nyingine. Mwenzio akimkosa huyu atampata nani?"

Naomba yaandikwe hivyohivyo, yasipunguzwe. Nilimuuliza, na huyu aliyeko mahabusu? Akasema atatoka tu, walinzi hawakosi lindo.

Afande ameniuliza kama mimi na mdogo wangu tuna ugomvi wa zamani. Hatuna. Huo ndio uchungu wangu. Angeniomba skuta ningegomba, ningenuna, ningesema maneno yangu yote, mwisho ningempa ufunguo na kumwambia asiikwaruze. Anajua hivyo. Mama naye anajua. Walinizunguka wote wawili, na Jumamosi ile nilipokuwa nalia humu kituoni, mmoja alinishikia mkoba na mwingine alinipangusa machozi kwa kiganja chake. Nilikuwa nawahurumia wao. Nilimwambia mama asilie, presha itampanda. Walinichezea shere mpaka nikawa nawabembeleza.

Usiku wa jana nilikuwa nimeamua kunyamaza. Sitaki kujifanya mtu mwema hapa. Nilisema nitaleta funguo za uongo, au nitasema nimefuta kesi, skuta iende, Komando aachiwe kimyakimya, na sisi tubaki na aibu yetu ndani ya nyumba. Mama alishaniambia namna ya kusema. Niseme nimemsamehe mlinzi. Nimsamehe yeye!

Leo asubuhi, saa mbili, nilitoka kuja huku, mama akinisindikiza, nikiwa na nia hiyohiyo. Geti lilifunguliwa na mke wa Komando. Alikuwa amevaa lile koti refu la mumewe, mikono ameikunja mara mbili. Amekuwa akikaa pale tangu Jumapili, usiku na mchana, ili mwenye nyumba asije akaajiri mtu mwingine. Sikuwa nimemwona kwa sababu tangu Jumamosi nilijifungia ndani na uchungu wangu. Nilidhani atanitukana. Alinishika mkono akaniambia, "Pole na kuibiwa, mama." Akaniuliza kama huku wanaruhusu kumletea mtu blanketi.

Nilipita.

Kwa hiyo nasema hivi. Skuta yangu ilichukuliwa na mchumba wa mdogo wangu, kwa funguo alizopewa na mdogo wangu, wakati mlinzi ametumwa na mama yangu kwa makusudi. Iko kwenye karakana ya kuchomelea vyuma ya kaka wa huyo mchumba, upande wa pili wa soko la mitumba. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyenielekeza, akidhani naulizia tu. Mlinzi hajui lolote. Alisema kweli tangu dakika ya kwanza na sisi watatu tukamfanya mwongo.

Afande amenieleza kwamba haya yakishaandikwa, mama ataitwa kwa kutoa taarifa ya uongo, na mdogo wangu atakamatwa leo. Ameniuliza mara mbili kama nimeelewa. Nimeelewa. Amenishauri kwamba skuta inaweza kurudi bila ya mimi kumtaja mama, nikasema tu kwamba mlinzi aliondoka na sijui ni kwa nini. Lakini hapo Komando atakuwa ameacha lindo, na mwenye nyumba atamfukuza. Mama atajwe.

Skuta ikipatikana naomba isirudishwe nyumbani kwetu. Ibaki kituoni mpaka nipate chumba.

Sina zaidi. Haya nimeyasema kwa kinywa changu, hakuna aliyenilazimisha, na nimesomewa yote hadi mwisho.

Saini ya shahidi: (amesaini)

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA: Nimeandika maelezo haya leo tarehe 20, saa tano asubuhi, kama alivyoyatamka shahidi, na nimemsomea. Hakubadilisha neno. Kabla ya kusaini aliuliza kama kituo kina mlango mwingine wa kutokea, kwa kuwa mama yake amemsindikiza na amekaa kwenye benchi la mapokezi akimsubiri. Nilimjibu kwamba mlango ni huo mmoja. Aliomba maji, akanywa, akasaini.