Hodi ya Tatu

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Mama amepaka sebule rangi ya kijani. Yeye anaiita maji ya bahari, mimi naiona zahanati.

Nasimamia tovuti ya duka la vitabu. Roboti, zile programu zinazojifanya watu, wanatusumbua kama nzi, wanajaza takataka kwenye ukurasa wa ujumbe. Basi niliweka kanuni: anayetuma neno lilelile mara tatu bila kueleza shida yake, afungiwe moja kwa moja.

Jana mwenzangu alikuwa akipitia waliofungiwa, akaangua kicheko. "Dada wee, umefungia roboti mwenye adabu! Kapiga hodi mara tatu, kaenda zake."

Nikatazama anwani ya mtumaji. Ilikuwa yako, Baba. Tangu ulipotuacha hatukuwahi kupata hata salamu.

Najua ulivyo: hodi ya tatu isipoitikiwa, hutarudi tena. Tafadhali elewa kwamba aliyekufungia ni kanuni, si mimi. Kizuizi nimekiondoa. Hasira ninazo, tena nyingi, na utazisikia zote ukishaketi.

Karibu.

Mimi,
kifungua mimba wako